Nani Atakuwa na Ubavu wa Kuzima Kinu?

  Jioni ya leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wakilisikia husema ni la wakubwa wa Dodoma na Nairobi. Nalo ni umeme wa nyuklia, na usalama wake katika nchi kama zetu.

Nianze na upepo, maana huo ninyi watu wa pwani mnaujua kuliko mimi. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani yetu huvuma kaskazi. Ndio upepo ulioyaleta majahazi ya Arabuni karne na karne. Hupita Lamu, hupita Malindi, hupita Kilifi na Mombasa, ndipo hutufikia sisi wa Mkwaja, wa Kipumbwi na wa Ushongo, kwenye pwani ya Tanzania. Sasa, katika kaunti ya Kilifi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Uyombo, jirani na mkono wa bahari wa Mida na hifadhi ya bahari ya Watamu. Kutoka Uyombo hadi Mkwaja, ukipiga mstari ulionyooka, hapafiki kilomita 300. Na Uyombo ndipo mahali ambapo wakala wa nyuklia wa Kenya, NuPEA, ulipachagua kwa ajili ya kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia nchini humo: megawati 1,000, kianze kuzalisha mwaka 2034.

Mwenye kuuliza kama kilomita 300 ni mbali au karibu, na akumbuke Chernobyl. Aprili 26, 1986, kinu namba 4 cha kituo hicho, katika nchi ya Ukraine ya leo, kililipuka usiku. Serikali ya Kisovieti ikanyamaza. Dunia ilikuja kujua siku mbili baadaye, pale mfanyakazi wa kituo cha Forsmark huko Uswidi alipopita kwenye kipima mionzi na kifaa kikalia kwa sababu ya vumbi la viatu vyake. Waswidi wakadhani kinu chao kinavuja. Wakakagua, wakakuta ni kizima. Ndipo wakafuata njia ya upepo wakajua vumbi limetoka kwa nani. Kutoka Chernobyl hadi Forsmark ni zaidi ya kilomita 1,000.

Watu wa Uyombo hawakulipokea jambo hili kimya. Waliuliza habari za samaki wao, za kasa, za mikoko, za watalii wanaowapa riziki. Walipoona majibu hayatoshi waliandamana, na Mei 2024 wakakumbana na polisi, watu wakaumia. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iligeuzia macho kaunti ya Siaya, ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Mtu wa pwani anaweza kupumua hapo. Lakini ndugu msikilizaji, karibu nusu ya ziwa lile ni letu Watanzania. Mwanza wanakunywa maji yake, Musoma na Bukoba vilevile, na kwa bomba linaloanzia Ihelele maji hayo yanafika Shinyanga na Kahama, yanafika mpaka Tabora. Mzigo ulioshushwa begani mwa mvuvi wa Kilifi umewekwa begani mwa mnywaji maji wa Tabora, na huyo hakuulizwa.

Wala si Kenya peke yake. Uganda imetenga eneo Buyende kwa ajili ya kituo cha nyuklia. Na sisi Tanzania tuna urani yetu wenyewe katika Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous, lililo katika urithi wa dunia, ulisogezwa ili kuupisha mgodi huo. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani hiyo. Maji ya huko yanateremkia bonde la Rufiji. Kwa hiyo nyuklia si hadithi ya mbali tena. Tumezungukwa nayo, na hodi imeshabishwa mlangoni kwetu.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Umeme tunauhitaji. Hospitali ya wilaya haiwezi kutunza watoto njiti kwa kibatari, na mvuvi asiye na barafu huwauzia wachuuzi samaki kwa bei wanayotaka wao. Kinu cha nyuklia hakitoi moshi unaochafua hewa, kinafanya kazi usiku na mchana, masika na kiangazi, wakati mabwawa yetu yanangoja mvua. Ufaransa inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka nyuklia, na tangu miaka ya 1980 Koeberg, karibu na Cape Town, imekuwa ikiwawashia taa watu wa Afrika Kusini. Anayesema kila kinu ni bomu linalongoja kulipuka hasemi kweli. Urani ya kituo cha umeme haikusafishwa kwa kiwango cha kutengenezea bomu, na haiwezi kulipuka kama lile la Hiroshima.

Hatari yake ni nyingine, na ni vizuri kuielewa, kwa sababu anayeielewa hadanganywi na mwenye kutisha wala na mwenye kubembeleza. Ndani ya kinu, chembe za urani zinapasuka na kutoa joto. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo, umeme unatoka. Ukitaka kukizima unashusha vijiti maalumu, na kupasuka kunakoma mara moja. Lakini joto halikomi. Mabaki ya zile chembe zilizopasuka yanaendelea kutoa joto, mwanzoni kama asilimia 6 au 7 ya nguvu yote, kisha linapungua polepole kwa siku na kwa miezi. Ni kama jiko la mkaa: chungu umekwisha kukiepua, wali umekwisha pakuliwa, makaa bado yanaunguza. Kwa hiyo kinu kilichozimwa bado kinadai maji ya kukipoza, na pampu za maji hayo zinadai umeme. Umeme ukikatika na jenereta zisiwake, vijiti vya urani vinayeyuka.

Ndivyo ilivyotokea Fukushima, Japani, Machi 11, 2011. Tetemeko la ardhi lilipopiga, vinu vilijizima vyenyewe kama vilivyoundwa. Nyaya za umeme wa nje zikakatika, jenereta za dizeli zikawaka. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda sawa. Kisha likaja wimbi la tsunami la kimo cha mita kama 14. Jenereta zilikuwa chini, zikafunikwa na maji, zikazima. Vinu vitatu vikayeyuka ndani. Watu zaidi ya 150,000 walihama makwao. Na sikilizeni hili kwa makini: waliokufa kwa msukosuko wa kuhamishwa, wengi wao wazee na wagonjwa waliotolewa vitandani na kusafirishwa huku na huku, walizidi 2,000. Waliothibitishwa kuuawa na mionzi yenyewe ni wachache mno. Kwa hiyo ajali ya nyuklia inaweza kuua kabla mionzi haijaua. Inaua kwa hofu, na kwa kuhama bila mpango.

Sasa turudi kwetu, na kwanza tuutazame umeme wenyewe. Nimesema kituo cha nyuklia kinahitaji umeme wa nje ili kijipoze. Agosti 25, 2023, Kenya karibu yote iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Aprili 1, 2024, ikawa zamu yetu: gridi ya Taifa ikaanguka. Nyumbani tuliwasha mishumaa tukangoja. Kinu hakiwezi kungoja. Tena wahandisi wana kanuni yao, kwamba mtambo mmoja usizidi kama sehemu ya kumi ya uwezo wa gridi, kwa sababu mtambo mkubwa ukizimika ghafla utaangusha na mingine. Mwanzoni mwa 2024 matumizi ya juu kabisa ya umeme nchini Kenya yalikuwa kama megawati 2,200. Megawati 1,000 katika gridi hiyo ni karibu nusu ya mahitaji yote kutegemea mtambo mmoja. Gridi itanuliwe kwanza, iunganishwe imara na ya majirani, ndipo tuanze kuzungumza kinu. Sisi wenyewe tumekamilisha juzi tu Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na bado kuna vijiji vinavyokaa siku nzima bila umeme kwa sababu ya nguzo na transfoma. Upungufu wetu mkubwa sasa uko kwenye njia za kuusafirisha umeme.

Lakini hayo ya mitambo na nyaya, ndugu msikilizaji, fedha na muda vinaweza kuyamaliza. Linaloninyima usingizi ni la watu na taasisi zao. Baada ya Fukushima, bunge la Japani liliunda tume huru ya uchunguzi, chini ya Profesa Kiyoshi Kurokawa. Mwaka 2012 tume hiyo ilitoa hukumu nzito: kwamba ile ajali ilitengenezwa na binadamu. Mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya wimbi, hesabu za kampuni yenyewe iliyoendesha kituo zilionyesha kwamba wimbi la zaidi ya mita 15 linawezekana pale. Hakuna aliyejenga ukuta. Na mkaguzi wa serikali alikuwa wapi? Mkaguzi alikuwa ofisi ndani ya wizara ileile ya uchumi na viwanda iliyokuwa ikiutangaza na kuusukuma mbele umeme wa nyuklia. Anayeuza na anayekagua walikula meza moja. Japani ni nchi tajiri, yenye wahandisi hodari na nidhamu ya kazi inayosifiwa duniani kote, na bado hilo liliwashinda.

Je, sisi? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Kilikuwa na kibali cha kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kivuko kilikuwa mali ya wakala wa serikali, TEMESA. Aliyepaswa kukizuia kisiondoke alikuwa mdhibiti wa serikali, SUMATRA wa wakati huo. Ilikuwa siku ya gulio, watu walikuwa wengi na mizigo mingi, na hakuna mtu gatini aliyekuwa na mamlaka na moyo wa kusema: hiki hakiondoki. Baada ya ajali bodi zikavunjwa na watu wakakamatwa. Msemo wetu wa siku za misiba ni kwamba ajali haina kinga. Mimi naukataa msemo huo kwa moyo wangu wote. Ajali ya MV Nyerere ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa mtu mmoja wa kuhesabu vichwa na kufunga mlango.

Na tusidhani kwamba tukipata funzo mara moja basi tumejifunza. Aprili 29, 2009, ghala la silaha la Mbagala lililipuka, watu wakafa na nyumba zikabomoka. Karibu miezi 22 baadaye, Februari 16, 2011, likalipuka la Gongo la Mboto, jiji lilelile.

Wakenya nao wana kidonda chao, nacho kiko pwani hukuhuku. Owino Uhuru, mtaa wa watu maskini Mombasa, uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, kikaanza kazi mwaka 2007. Watoto wakawa na sumu ya risasi katika damu. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, alimkuta mwanawe ni mgonjwa, akaanza kupiga kelele. Alikamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na katika waliobebeshwa lawama zimo taasisi za serikali zilizotoa vibali na kushindwa kukagua. Kesi ikapinduliwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile ya kwanza. Miaka 17 tangu kiwanda kuanza. Mama huyohuyo na wenzake ndio walioungana na watu wa Uyombo kupinga kinu. Anajua anachokisema. Serikali iliyoshindwa kukagua tanuri la betri inaombaje iaminiwe na kinu cha urani?

Swali hilo halijibiwi kwa hasira, linajibiwa kwa taasisi. Na hapa Kenya wana jambo la kupongezwa: mwaka 2019 walitenganisha kazi. NuPEA inasukuma mradi, na mamlaka nyingine, KNRA, inadhibiti. Kwenye karatasi wamefanya sawasawa, na sasa tunangoja kuona kama KNRA siku moja itaiambia NuPEA hapana.

Sisi Tanzania tuna Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, yenye makao yake Arusha. Inafanya kazi ya maana. Mfanyabiashara anayeingiza maziwa ya unga bandarini Tanga anaijua, maana chakula hupimwa mionzi. Wahudumu wa eksirei na wa hospitali ya saratani ya Ocean Road wanaijua pia. Lakini sheria iliyoiunda, Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, iliipa kazi mbili kwa pamoja: kudhibiti usalama wa mionzi, na kuhamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Kwa mashine za eksirei mpango huo unaweza kuvumilika. Kwa kituo cha umeme cha mabilioni ya dola, ambacho rais atakuwa ameweka jiwe la msingi na balozi wa nchi rafiki ameshika utepe, mpango huo ni ule wa Japani wa kabla ya 2011. Mkaguzi mwenye cheo kidogo, mshahara wa serikali na bosi anayetaka mradi uishe, atapata wapi ubavu wa kuzima kinu?

Wapo waliotangulia kufanya vizuri. Ndugu zetu walioko Dubai na Abu Dhabi wanatumia umeme wa kituo cha Barakah, vinu vinne, megawati 5,600. Emirati waliunda mamlaka huru ya udhibiti Septemba 2009, miezi mitatu kabla ya kutia saini mkataba na Wakorea. Walianza na mkaguzi, kisha muuzaji. Wakaajiri wakaguzi wazoefu kutoka nchi nyingine wakati wanasomesha wa kwao. Kinu cha kwanza kikaanza kuuza umeme mwaka 2021. Miaka 12 hiyo, tena kwa nchi yenye mafuta na fedha taslimu. Mtu akituahidi kinu kwa miaka 6 au 7, kwa mkopo, tumuulize anaruka hatua ipi.

Kuna hatari nyingine ndogo ambayo haingoji kinu. Septemba 1987, mji wa Goiânia nchini Brazili, vijana wawili wa kuokota vyuma chakavu waliingia katika jengo la kliniki iliyohama, wakachukua mashine iliyoachwa. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu unaong'aa rangi ya buluu gizani. Watu wakaupeleka nyumbani, wakaonyeshana, watoto wakaupaka mwilini. Watu 249 walikutwa wamechafuliwa na mionzi, wanne wakafa, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Zaidi ya watu 100,000 walipangwa foleni kwenye uwanja wa michezo kupimwa. Vijana wetu wanaokusanya vyuma chakavu na mikokoteni Tanga mjini, nani amewafundisha alama ya mionzi inafananaje? Na Kinshasa, ambako Wabelgiji waliwasha kinu cha utafiti mwaka 1959, cha kwanza Afrika, vijiti viwili vya urani viliibwa, na kimoja kikakamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Ulinzi wa mali ya namna hii hauwezi kuachiwa kufuli na mlinzi mmoja wa usiku.

Sasa nizungumze na watu wa Mkwaja peke yao, maana wana ushahidi ambao wengine hawana. Wazee mnalikumbuka shamba kubwa la ng'ombe la Mkwaja, la kampuni ya mkonge ya Amboni. Lilianza miaka ya 1950, na maelfu ya ng'ombe, na dawa, na vita ya kila siku na mbung'o. Mwaka 2000 likafungwa. Mradi ulikuwa mkubwa, wenye wataalamu na mtaji, na mbung'o wakaushinda. Lakini uliposhindwa, nyasi zilirudi. Mwaka 2005 ardhi ile ikawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na leo tembo wanapita palipokuwa na mazizi, na kasa wanataga Madete. Shamba la ng'ombe likifa, porini panapona. Kinu cha nyuklia hakifi hivyo. Kinafanya kazi miaka 40 au 60, kisha kubomolewa kwake ni miaka mingi na fedha nyingi, na vijiti vya urani vilivyotumika vinabaki na mionzi kwa maelfu ya miaka. Nusu tu ya plutoni iliyomo itakuwa imeisha baada ya miaka 24,000. Finland imechimba katika mwamba zaidi ya mita 400 kwenda chini ili kuzika vijiti vyake. Afrika Kusini wanapeleka taka hafifu Vaalputs, jangwani, lakini vijiti vilivyotumika vya tangu miaka ya 1980 bado vimekaa Koeberg kwenyewe. Nchi inayopanga kuwasha kinu ikiulizwa taka zitalala wapi, na jibu liwe "tutaona mbele", nchi hiyo haijawa tayari.

Na siku ya kukimbia? Koeberg wana duara la kilomita 5 na duara la kilomita 16. Ndani ya maduara hayo kuna ving'ora vinavyojaribiwa, na ujenzi wa nyumba unadhibitiwa ili watu wasiwe wengi kuliko barabara zinavyoweza kuwatoa kwa wakati. Fikirini duara kama hilo katika kijiji chochote cha pwani yetu, kuanzia Kilifi mpaka Saadani. Sisi tumezoea barabara inayokatika masika, na kwa miaka mingi kutoka Bweni kwenda Pangani mjini kulitegemea kivuko. Mama mjamzito alingoja kivuko. Maelfu ya watu wangengoja nini? Barabara na daraja, zahanati yenye dawa, na simu inayoshika mtandao ni sehemu ya usalama wa nyuklia sawasawa na saruji ya kinu. Na bahari yetu si ya kuiamini kupita kiasi: Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia Sumatra ilivuka Bahari ya Hindi yote ikaua watu mpaka Dar es Salaam.

Hukumu yangu, ndugu msikilizaji, naitoa waziwazi. Siikatai nyuklia kwa vizazi vyote. Naikataa nyuklia inayotangulia mkaguzi wake. Nchi yoyote ya Afrika Mashariki isimwage zege la kinu mpaka imetimiza mambo manne. Kwanza, mdhibiti aliyetengwa kabisa na anayesukuma mradi, anayeripoti bungeni, mwenye bajeti isiyokatwa na kinga ya kutofukuzwa kwa kusema hapana. Pili, sheria inayotaja taka zitakaa wapi na kwamba fedha za kukibomoa kinu ziwekwe akiba tangu siku ya kwanza. Tatu, makubaliano ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwamba jirani aulizwe kabla ya ujenzi, na ajulishwe ndani ya saa chache ajali ikitokea, ili tusije tukajulishwa na vumbi la viatu kama Waswidi. Nne, wanakijiji waonyeshwe ripoti ya athari kwa mazingira kwa Kiswahili wanachokielewa, kabla ya vibali kutolewa, bila polisi kusimama mlangoni.

Serikali yetu nayo ianze na kilicho mikononi mwake leo. Izitenganishe kazi mbili za TAEC kabla urani ya Namtumbo haijawa biashara kubwa, na itangaze hadharani vipimo vya maji na vumbi vya kule ili mkulima wa Rufiji avisome.

Nanyi wananchi, mkutano mkuu wa kijiji ni wenu kisheria. Siku mtakapoletewa mradi wowote mkubwa ufukweni, uwe wa nyuklia, wa mafuta au wa hoteli, msiishie kuuliza fidia ni kiasi gani na ajira ni ngapi. Ulizeni jina la ofisi yenye mamlaka ya kuusimamisha, mkuu wake anateuliwa na nani, na ni mara ngapi amewahi kuusimamisha mradi wa serikali. Andikeni majibu kwenye muhtasari wa kikao, myatie saini. Kama hakuna anayeweza kuwajibu, msikubali mradi huo.